Kilomita Moja na Robo kwa Kila Mlango

Mimi ndiye mshika daftari wa chama cha umeme Saukkovaara:
kilomita kumi za waya, milango minane.
Gawanya mwenyewe.
Mlango mmojawapo ni wa Hilkka Komulainen,
ambaye mwezi mzima huwasha taa mbili na birika.

Jana mhandisi kutoka Kajaani alitandaza ramani mezani,
akaibana pembe zake kwa vikombe vyetu vya kahawa.
"Tuufukie," alisema. "Chini ya ardhi theluji haina mkono."
Mstari wake ulikuwa mwekundu, umenyooka
kama uongo uliofanyiwa mazoezi.

Nilinyamaza. Nilikuwa namwona baba.

Mwaka ule theluji ilikuwa ya kunata,
ile inayovimba kwenye matawi
mpaka misonobari inainama
kama watu wanaotafuta sindano sakafuni.
Waya ulilemewa, umeme ukakatika,
na baba akatoka na ufito wa mbetula, mita sita,
gome lake jeupe bado halijabanduliwa,
akaenda nguzo hadi nguzo akigonga.
Kila pigo, waya uliruka juu ukalia kwa sauti nyembamba
na theluji ikamwingia shingoni.
Siku tatu.
Alirudi na ncha ya sikio la kushoto imekufa, rangi ya mshumaa.
Taa zilipowaka mama alizizima zote, akabakiza moja.
Sikumuuliza kwa nini.

Basi mtoto wa mtu huyo angesema: fukieni, fukieni leo.

Lakini naijua ardhi hii.
Udongo kiganja kimoja, kisha mwamba.
Kila barafu inapoyeyuka shamba letu huzaa mawe;
baridi huyasukuma kutoka chini, nasi tunayaokota
mapema kuliko mavuno yoyote.
Ardhi inayotapika jiwe,
itameza waya na kutulia?

Hilkka aliinua kidole.
"Bibi yangu alifariki Januari.
Walichoma magogo juu ya kaburi, usiku na mchana, siku mbili,
ndipo sururu ikaingia.
Waya wako ukifa Januari, kijana,
utauwashia moto wa siku ngapi?"

"Kufukia si kuzika, mama."

"Kwa anayechimba, ni kazi ileile."

Tulicheka. Naye alicheka, maskini, buti zake mpya
zikitiririsha maji chini ya meza.
Akaeleza juu ya mashine inayosikiliza kidonda cha waya ardhini,
hukosea mita mbili tu.
Mita mbili za mwamba, nikawaza.
Na mashine ni moja, nayo iko mjini, mwendo wa kilomita tisini.
Waya wa juu ukikatika unaning'inia barabarani,
unakiri kosa mbele ya kila mtu.

Usiku nilipiga hesabu.
Nguzo ni nafuu mara nne. Nikapiga tena: mara nne.
Nikatafuta safu ya kuandikia ncha ya sikio;
daftari langu halina safu hiyo.
Halina pia safu ya birika la Hilkka kupoa
huku nje ikiwa nyuzi thelathini chini ya sifuri
naye ana miaka themanini na sita,
ana jiko la kuni, na kuni ziko nje.

Nilitoka nikasimama chini ya nguzo, nikaishika kwa glavu.
Ilikuwa ikinguruma kidogo, kama mtu anayekaribia kusema jambo
akaliacha.
Ng'ambo ya ziwa lililoganda, dirisha moja lilikuwa na mwanga.

Asubuhi niliandika pendekezo langu:
kilomita tatu za kinamasi, ambako jembe linapita, zifukiwe.
Saba za mwambani zibaki juu,
msitu ufyekwe pande zote mbili, upana wa msonobari ukianguka.
Nikaweka sahihi.
Kisha, chini ya sahihi, kwa penseli:
mbetula mmoja, mita sita, ukatwe kabla ya Novemba,
ukaushwe, ulazwe nyuma ya ghala.
Gharama: hakuna.
Nikaitazama ile "hakuna" kwa muda mrefu,
nikaifuta.